Kiwanja Kisiuzwe: Nafasi ya Uzamivu kwa Binti wa Voi



Mama mmoja wa hapa Voi alinisubiri baada ya darsa ya akina mama, akanipa suala ambalo si la twahara wala la mirathi. Binti yake amemaliza shahada ya pili ya sayansi, na huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani akifundisha watoto wa jirani hesabu jioni. Anatamani kuendelea na uzamivu katika uhandisi wa tiba. Amejitokeza mtu anayejiita wakala, ameleta barua ya kukubaliwa kutoka chuo cha ng'ambo, na anasema zatakiwa fedha za mwaka wa kwanza kabla ya mwezi kwisha. Mama yule ana kiwanja kimoja alichoachiwa na marehemu mumewe. "Sheikh, niuze?"

Nilimjibu kwamba kiwanja kisiuzwe. Lakini jibu la neno moja halitoshi kwa mzazi aliyekwisha kushikwa na hamu ya kumwona mwanawe akiitwa daktari wa elimu, na najua si yeye peke yake. Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta wako mabinti na vijana wetu wengi wenye shahada za sayansi ambao wazee wao hawajui mlango unaofuata uko upande gani. Basi nimeuliza wanaojua, nimesoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

La kwanza kufahamika ni kwamba uzamivu wa sayansi haufanani na shahada zilizotangulia. Katika shahada ya kwanza mzazi hulipa karo, mwalimu husomesha, na mwanafunzi huondoka na cheti. Katika uzamivu wa maabara, mwanafunzi ndiye anayefanya kazi. Profesa ana suala ambalo halijapata jibu, amepewa fedha na serikali au na mfuko wa utafiti ili alitafutie jibu, naye anahitaji mtu mwenye akili na subira wa kukaa na suala hilo miaka mitatu, minne au zaidi. Ndiyo sababu watu husema "kutafuta nafasi", kama wasemavyo katika kazi. Uholanzi, Sweden na Norway mtafiti wa uzamivu aghalabu ni mwajiriwa mwenye mkataba, mshahara na likizo. Ujerumani wengi wako hivyo hivyo. Marekani huchukua hata mwenye shahada ya kwanza tu, humweka miaka mitano au sita, humsamehe karo na kumpa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Uingereza ni miaka mitatu au minne, na karo ya mgeni huko ni nzito mno, hivyo asiye na ufadhili hana nafasi hata akiwa na barua ya kukubaliwa.

Hapo ndipo lilipo tego la yule wakala. Barua ya kukubaliwa si ufadhili. Chuo chaweza kumkubali binti yako kwa moyo mkunjufu kikimngojea alipe kila senti. Mzazi akiiona barua yenye nembo hudhani mlango umefunguka, kumbe ameoneshwa bei.

Hapa kwetu Kenya desturi ni tofauti kidogo. Wengi hujisajili chuoni, hulipa wenyewe huku wakifundisha mahali, na husota miaka mingi. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeweka muda wa uzamivu usiopungua miaka mitatu, na mwanafunzi hutakiwa awe amechapisha makala mawili katika majarida yenye kuhakikiwa. Kwa mtu wa fasihi au wa dini, vitabu na karatasi humtosha. Mtu wa maabara huvunjwa mgongo na vitendanishi, vipimo na umeme wa jokofu la sampuli kuliko na karo. Kwa hiyo hata asomaye nyumbani namnasihi hivi: kwanza atafute mradi wenye fedha, kisha ndipo ajisajili. Akianza kwa kujisajili atakuwa amenunua mashua akiwa hajui bahari iko wapi.

Sisi tuliosoma madrasa jambo hili halitutatizi kulielewa. Mwanafunzi wa zamani hakusema anakwenda Lamu kwa sababu ya jengo. Alikwenda kwa sheikh fulani mwenye fani fulani, akakaa miguuni pake, na alipotoka na ijaza watu walimuuliza amesoma kwa nani. Riyadha ilijaa wanafunzi kutoka Komoro, Tanganyika na Kongo kwa sababu ya Habib Swaleh na waliokuja baada yake. Uzamivu ni hivyo hivyo: mtu humtafuta msimamizi, na chuo hufuata nyuma. Chuo chenye jina kubwa na msimamizi asiye na wakati ni msiba wa miaka minne.

Sasa nafasi ziko wapi? Tuanze hapa mlangoni, maana tuna tabia ya kuangalia London kabla ya Wundanyi.

Huko Wundanyi, katika vilima vya Taita, Chuo Kikuu cha Helsinki cha Finland kina kituo chake cha utafiti. Wengi wetu tumezoea kuwaona wageni wale wakipanda milima wakadhani wanahesabu ndege na miti tu. Wanafanya hayo, lakini wamefanya na jambo la tiba. Mwaka 2018 watafiti wa Helsinki na wa Nairobi walikamata popo katika eneo hili, wa aina wanaopenda kulala katika mapaa ya nyumba zetu, na mmoja wao akakutwa na kirusi kiitwacho Bombali, ambacho ni ndugu wa Ebola na kilikuwa kimegunduliwa kwanza Sierra Leone. Habari hiyo ilichapishwa 2019. Hawakukuta dalili kwamba mtu yeyote ameambukizwa, basi msiyachome mapaa yenu. Yatosha kutowashika popo kwa mikono mitupu. Nimelitaja kwa sababu suala la kisayansi la ngazi ya dunia lilikuwa limelala juu ya dari za Taita, na watu waliolifanyia kazi ni watafiti vijana wa uzamivu na waliowatangulia. Binti aliyezaliwa hapa, ajuaye Kidawida na Kiswahili, ambaye bibi mwenye nyumba hatamfungia mlango, ana kitu ambacho profesa wa Ulaya hawezi kukinunua.

Vivyo hivyo kuumwa na nyoka. Shirika la Afya Duniani lilitia sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka 2017, na sisi tunaokaa kandokando ya Tsavo hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Taasisi ya utafiti wa nyani iliyoko Karen, Nairobi, ina kituo kinachoshughulikia jambo hilo pamoja na chuo cha maradhi ya nchi za joto cha Liverpool. Na vumbi la machimbo ya vito? Na maji yenye floraidi yanayotia meno rangi ya kahawia katika nchi za volkano zinazouzunguka Kilimanjaro? Yote hayo ni masuala ya uzamivu yanayongoja mwenyewe.

Ukishuka pwani, Kilifi kuna kituo cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanza 1989 kando ya hospitali ya Kilifi. Ni miongoni mwa vituo vikubwa vya utafiti wa tiba barani Afrika. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa hapo, miongoni mwa vituo vingine, kabla ya kuanza kutolewa kwa watoto wa Kenya mwaka 2019. Kilifi wana utaratibu maalumu wa kulea watafiti: aliye na shahada ya kwanza huweza kuingia kwa mafunzo ya kazi, kuna diploma ya mbinu za utafiti wa afya pamoja na Chuo Kikuu cha Pwani, kisha shahada ya pili, kisha uzamivu. Usaili ni mkali na waombaji ni wengi. Lakini akikosa hana deni la mtu, na akipata hulipwa, na mama yake humfikia kwa matatu siku ya Ijumaa akarudi Voi jioni.

Nairobi iko ICIPE, taasisi ya wadudu iliyoasisiwa 1970 na marehemu Profesa Thomas Odhiambo. Tangu 1983 ina mpango wa uzamivu kwa Waafrika uitwao ARPPIS. Mbu, kupe na mbung'o ni wadudu, na aliyesoma baiokemia ana pa kuingilia. Juja, ndani ya Chuo cha Jomo Kenyatta, pana taasisi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika, ambayo hutoa ufadhili wa shahada ya pili na uzamivu katika sayansi na teknolojia kwa vijana wa bara zima. Hapa Voi penyewe Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake 2016, kina kituo cha umahiri wa madini na mazingira kwa ushirikiano na chuo cha Dresden, Ujerumani. Huo si utafiti wa tiba, ila mtu wa kemia ya maji na udongo asiupite bila kugonga mlango.

Na kuna mlango ambao watu wa Taveta wanauona kila siku wasiutambue. Ukivuka mpaka Holili, ukapita Moshi, kabla hujafika mjini Arusha uko Tengeru, ambako kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia. Kutoka Voi hapo ni karibu kuliko Nairobi. Mhandisi mmoja wa hapo, Askwar Hilonga, alisoma uzamivu wake Korea Kusini, akarudi na kutengeneza chujio la maji linaloweza kuondoa uchafu na floraidi, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa tuzo ya uhandisi kwa Afrika itolewayo na chuo cha kifalme cha wahandisi cha Uingereza. Aliyafahamu yale maji kabla hajayapeleka maabara. Mtafuta mada hana budi kulizingatia hilo.

Kuhusu uhandisi wa tiba wenyewe, wengi hudhani ni kutengeneza mashine zilizoharibika. Hiyo ni kazi ya fundi wa vifaa vya hospitali, na ni kazi ya heshima inayosomeshwa na vyuo vyetu vya tiba. Mhandisi wa tiba wa ngazi ya uzamivu huuliza kwa nini mashine imeharibika, na kama ilistahiki kuletwa hapa. Tunakumbuka mwaka 2015 serikali ilipokodisha vifaa vya hospitali kwa kaunti zote 47. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mradi ule, katika ripoti yake ya 2020, ilikuta vifaa vingine vimekaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Mashine ya figo isiyo na maji safi ni kabati la bei ghali. Nchi yenye wahandisi wa tiba wake yenyewe ingeuliza habari za maji kabla ya kutia saini.

Wala fani hii si ngeni kwetu. Al-Zahrawi wa Andalusia alichora kwa mkono vyombo vya upasuaji takriban mia mbili katika kitabu chake, akaeleza kila kimoja kifanywe vipi, miaka elfu moja iliyopita. Na hapa pwani, chuo kiitwacho leo Technical University of Mombasa kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza 1951 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Bohora na wengineo, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi na uhandisi. Wazee wetu walitoa mali zao kwa jambo hili. Siku hizi tunachangishana kwa ajili ya harusi. Katika Kenya ya leo yuko June Madete, mhandisi wa tiba wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, aliyepata uzamivu wake Cardiff, na binti anayedhani fani hii ni ya wanaume na amtazame.

Kwa atakaye kwenda mbali, nitataja milango michache ninayoiamini. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, lina ofisi Nairobi na hufadhili hata wanaosoma hapa Afrika Mashariki. Aghalabu hutaka shahada ya mwisho isiwe imepita miaka sita, kwa hiyo binti asiyekwenda kokote huku miaka ikihesabika anapoteza haki yake kimya kimya. Umoja wa Ulaya una mitandao ya uzamivu yenye jina la Marie Skłodowska-Curie, ambayo humwajiri mtafiti kwa mshahara bila kuuliza uraia. Sharti lake ni kwamba mwombaji asiwe ameishi katika nchi anayoiendea zaidi ya miezi 12 katika miaka mitatu iliyopita. Aliyekaa Voi umri wake wote amelitimiza sharti hilo bila kutoka jasho. Nafasi hizo na nyinginezo hutangazwa katika EURAXESS, ambayo ni ya Tume ya Ulaya na haidai malipo.

Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah nayo ina ufadhili, na Waislamu wa nchi zisizo wanachama kama Kenya wana fungu lao. Nastaajabu ni misikiti mingapi ya kwetu iliyowahi kubandika tangazo lake. Kuna pia chuo cha KAUST kando ya Bahari ya Shamu, kilichofunguliwa 2009, ambacho humpa kila anayekubaliwa ngazi za juu karo, posho na makazi, na huko wanawake husoma. Ninayataja haya pia kwa sababu ya riba. Mkopo wa HELB una riba, na suala hilo limewasumbua wazazi wengi. Katika uzamivu wenye nafasi halali hakuna mkopo hata kidogo, basi kwa nini mtu ajitie katika shaka?

Tuje kwenye barua, maana hapo ndipo wengi huanguka. Sisi watu wa pwani barua yetu huanza kwa salamu za nyumba nzima, hali ya hewa na kuombeana afya. Ni adabu njema, lakini profesa wa Delft hufungua barua pepe mia moja kwa siku. Atasoma mistari mitano. Mstari wa kwanza useme mimi ni nani na nina shahada gani. Wa pili utaje makala yake moja aliyoiandika karibuni, na ni jambo gani ndani yake lililonishughulisha, kwa maneno yanayoonesha kwamba nimeisoma hadi mwisho. Wa tatu useme nimefanya nini kwa mikono yangu: kipimo gani, mashine gani, programu gani ya kompyuta. Wa nne uulize kama ana nafasi au anatarajia fedha mwaka ujao. Kisha shukrani, wasifu wa kurasa mbili na nakala ya alama. Asiandike "kwa yeyote ahusikaye", wala asitume barua moja kwa watu hamsini. Harufu yake husikika. Akinyamaziwa wiki mbili, akumbushe mara moja, kisha aende kwa mwingine. Kunyamaziwa si dharau, na kunyamaziwa mara thelathini ni jambo la kawaida kwa waliofanikiwa.

Awatayarishe mapema walimu wake watatu wa kumwandikia ushuhuda. Mwalimu aombwe mwezi mmoja kabla, apewe wasifu na tarehe ya mwisho, na akumbushwe kwa upole. Na pale chuo kinapotaka mtihani wa Kiingereza, aulize kwanza. Vingi hukubali barua ya chuo chake cha awali kuthibitisha kwamba alisomeshwa kwa Kiingereza, na ada ya mtihani ikabaki mfukoni.

Limebaki suala ambalo akina mama huniuliza kwa sauti ya chini: binti peke yake ng'ambo, na ndoa je? Kuhusu safari ya mwanamke bila maharimu wanazuoni wamekhitalifiana, na wako wa zama hizi waliojuzisha pale penye amani ya njia na jamaa wa kuaminika. Kila nyumba imuulize mwalimu wake. Ninalosema mimi ni kwamba tusianze na suala hilo kana kwamba hakuna njia nyingine. Kilifi haina khitilafu. Tengeru ni mwendo wa asubuhi. Iko pia mipango ya nusu huku nusu kule, ambapo mwanafunzi husajiliwa nyumbani na kwenda maabara ya nje kwa miezi michache, na hapo kaka au mume aweza kufuatana naye. Ama ndoa, sijaona hesabu inayoonesha kwamba kukaa nyumbani bila kazi humharakishia binti mchumba. Mkataba wa Ulaya huwa na likizo ya uzazi, na mchumba aliye muungwana ataelewa.

Tena mlango wa kwanza ukifungwa si lazima uwe wa mwisho. Marehemu Wangari Maathai alirudi Nairobi 1966 akiwa ameahidiwa kazi ya usaidizi wa utafiti kwa profesa wa zuolojia. Alipofika aliambiwa nafasi amepewa mwingine, na mwenyewe aliamini ni kwa sababu ya kabila lake na uanamke wake. Alizunguka hadi profesa wa Kijerumani, Reinhold Hofmann, akamchukua katika anatomia ya wanyama. Akafanya sehemu ya utafiti wake Ujerumani, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata uzamivu.

Nimrudie wakala. Ufadhili wa kweli haumtaki mtu atume "ada ya kuhifadhi nafasi" kwa M-Pesa ya mtu binafsi. Baadhi ya vyuo vya Marekani vina ada ya maombi, lakini hulipwa katika tovuti ya chuo chenyewe, na mara nyingi aombaye kusamehewa husamehewa. Ukipewa barua, usipige simu iliyoandikwa juu yake. Tafuta mwenyewe anwani ya ofisi ya chuo, uulize kama wanamjua mtu huyo.

Na kabla ya yote hayo, wiki hii, toeni vyeti sandukuni mvipange mkekani. Kwa watoto wetu jina ndilo huleta taabu: cheti cha kuzaliwa kina Fatuma, cha shule kina Fatma, kitambulisho kina Fatima, na jina la babu limeandikwa Mohamed hapa na Muhammad pale. Ubalozi huona watu watatu. Marekebisho yana hati ya kiapo na safari za ofisini, na huweza kuchukua miezi, nayo maombi mengi ya Ulaya na Marekani hufungwa kati ya Oktoba na Januari.